Kilemba cha Ukoka: Juu ya Kofia Katika Maigizo Yetu na Baraza Zetu

Kiangazi kilichopita vijana wa hapa Zuzu walitupa igizo. Ukumbi ulikuwa kivuli cha mbuyu, viti vilikuwa magogo na ndoo zilizopinduliwa, pazia hakuna. Kina mama walitangulia na ngoma ya muheme mpaka watu wakajaa, ndipo wachezaji wakaingia. Hadithi yao ilikuwa ya enzi za Mwingereza: jumbe anapita kaya kwa kaya kukusanya kodi ya kichwa, na asiye na shilingi anatoa mbuzi. Wachezaji wote saba walivaa nguo zao za kila siku, suruali za mitumba na kandambili. Maleba yao yalikuwa kitu kimoja tu, tarbushi nyekundu yenye shada jeusi. Mchezaji akiivaa, ni jumbe. Akiivua, ni mlalahoi kama wenzake.

Tarbushi ile niliwaazima mimi. Ilikuwa ya babu yangu mzaa baba, ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Nyumbani kwetu imekaa miaka yote ndani ya sanduku la bati, imefungwa kwenye kanga kuukuu, na tangu utoto nimeisikia ikiitwa "kofia ya kazi ya babu". Nilipoambiwa kwamba vijana wanatafuta kofia ya zamani nilikimbia kuitoa. Sitaficha kwamba niliona fahari.

Basi bwana, igizo likanoga. Kijana aliyemwigiza jumbe ana kipaji. Akiipachika kofia mgongo unanyooka, tumbo linatangulia, sauti inashuka kama ya mtu aliyeshiba. Watu walicheka mpaka machozi. Katika onyesho la tatu jumbe akaingia kwenye kaya ya mjane, akaanza kuhesabu mbuzi kwa kidole. Hapo bibi mmoja aliyekaa mbele, umri wake umepita themanini, akasimama akiegemea mkongojo wake.

"Kofia hiyo naijua," alisema. "Iliingia zizini kwetu nikiwa mchunga ndama. Ilitoka na mbuzi wawili."

Akaketi. Mchezaji mmoja, kwa uchangamfu wa jukwaani, akamjibu, "Bibi, usihofu, mbuzi wako tutakurudishia!" Kicheko kikarindima. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari igizo lile, na haya ndiyo maoni yangu.

Nianze na sifa, maana wenzangu wanastahili. Kundi lisilo na senti mfukoni lilitambua kwamba huhitaji sare nzima kumwonyesha mtawala. Kitu kimoja cha kichwani kinatosha. Hiyo ni fani iliyokomaa. Mathias Mnyampala, mtoto wa Ihumwa, upande wa pili wa mji wetu, alipoikuza ngonjera aliijua siri hiyo hiyo: watu wawili wanasimama mbele ya wenzao, mmoja anadai, mwingine anajibu, basi jukwaa limekamilika. Vitu vichache, kazi yote inafanywa na maneno. Vijana wetu, wajue wasijue, ni wajukuu zake.

Nilikwama kwenye maudhui. Igizo lilituomba tuicheke kofia. Lilifanya kana kwamba uonevu wote ulikaa ndani ya kile kitu chekundu. Ikiwa kichwani, kijana mwema anageuka dhalimu; ikitoka, anarudi kuwa mwema. Sasa hiyo si siasa tena, ni uchawi, na uchawi unampa kila mtu nafuu. Hakuna aliyetuma, hakuna aliyekubali, hakuna aliyefaidi. Kofia ndiyo iliyofanya! Maneno ya bibi yalikuwa machache, lakini yalikuwa na hesabu ndani yake: zizi, mtoto anayechunga ndama, mbuzi wawili. Nasema wazi, na wenzangu wanisamehe, kwamba yalikuwa na fasihi kuliko maonyesho yote matatu yaliyotangulia.

Hoja yangu ni hii. Kofia ya cheo haisomwi kwa kumtazama aliyeivaa peke yake. Inabidi kuuliza mambo mawili: nani kamvika, na nani ana uwezo wa kumvua. Mwandishi asiyeuliza hayo anatuchekesha vizuri, kisha tunakwenda kulala.

Lugha yenyewe imelijua jambo hili kabla yetu sisi wahakiki. Chukua neno kilemba. Ni kitambaa cha kuzungusha kichwani, vazi la masultani, mashehe na watu wa heshima wa pwani. Lakini kilemba pia ni ada. Mwanafunzi wa ufundi akihitimu humpa fundi wake kilemba, na katika posa nako kuna kilemba cha wazee wa binti. Yaani heshima ya kichwani ni kitu unachopewa na mwingine kwa kazi uliyomfanyia: umemfundisha kazi ya mikono, umemlea binti anayemwoa. Bila kazi hiyo hakuna kilemba.

Halafu kuna kilemba cha ukoka. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa uongo ili kichwa kimvimbe. Nadhani wahenga hawakuchagua majani kwa bahati. Ukoka asubuhi ni wa kijani na unapendeza. Jua la saa saba la Dodoma likiupiga unanyauka kichwani mwa mwenyewe, na mbuzi akipita anautafuna. Kwa mbali huwezi kuvitofautisha vilemba hivi viwili, maana umbo lao ni moja. Inabidi usogee uulize kimelipiwa kazi gani.

Kwa kipimo hicho hebu tuitazame nchi yetu ya Ugogo. Wagogo hawakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lilikuwa na mtemi wake, na alama za utemi zilikuwa mawe ya mvua na kigoda, si kofia. Asiyefahamu atasema basi mamlaka yao ilikuwa ndogo. Mimi naona ilikuwa na sharti, na sharti lenyewe ni mvua. Mtemi ambaye nchi yake iliungua miaka miwili mfululizo alikuwa na la kujibu mbele ya watu walewale aliowaombea.

Mjerumani alikuja na mtindo alioukuta pwani, wa maakida na majumbe. Mwingereza naye, baada ya Gavana Donald Cameron kufika mwaka 1925 na sheria ya mamlaka za wenyeji kupita mwaka 1926, akaamua kutawala kupitia machifu. Ndipo majina kama la Mtemi Mazengo wa Mvumi yakakua mpaka nje ya Ugogo. Na chini ya machifu, kaya kwa kaya, kulikuwa na majumbe. Ukiipanga safu ile utaona ngazi nzima ya kofia: juu kabisa kofia nyeupe ya gavana, siku za sherehe, yenye manyoya ya ndege, katikati helmeti ya Bwana Shauri, halafu tarbushi za askari na majumbe, na chini kabisa vichwa vitupu vinavyopigwa jua. Kodi nayo wakaiita kodi ya kichwa. Kichwa kimoja kinavaa, vingine vinalipa.

Katikati ya Mjerumani na Mwingereza ilipita njaa ya Mtunya, kati ya mwaka 1918 na 1920, ambayo wazee wetu walihesabia umri. Majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kwanza jeshi la Mjerumani, baadaye la Mwingereza, kisha mvua nazo zikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu. Ukisoma habari za miaka ile utaona kwamba kofia ilihama kichwa kimoja kwenda kingine, lakini zizi lililoingiliwa lilikuwa lilelile.

Igizo letu halikuwa na onyesho hata moja la bomani. Jumbe alitokea tu, kama uyoga. Hatukumwona Bwana Shauri akimkabidhi kofia, hatukumwona karani akimwandikia idadi ya vichwa anavyotakiwa kuvikusanyia kodi, hatukujua angefanywa nini kama angerudi mikono mitupu. Kwa hiyo hatukuweza kumhukumu wala kumwonea huruma. Tuliweza kumcheka tu.

Waandishi wakubwa wamelihangaikia jambo hili, na bahati nzuri wengine wao tunaweza kuwasoma kwa Kiswahili. Katika Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Mrusi Nikolai Gogol ya mwaka 1836 ambayo Christon Mwakasaka aliitafsiri, mkuu wa mji anapata habari kwamba mkaguzi kafika kwa siri. Rushwa zake zote zinamrudia akilini, anakurupuka kutoka, na badala ya kofia anajitwisha boksi la kuwekea kofia. Mpaka mwenzake amwambie. Hapo lazima ucheke. Lakini tazama kinachomtetemesha. Wafanyabiashara anaowakamua kila siku hawamnyimi usingizi. Anamwogopa mtu wa juu, kwa sababu huyo ndiye awezaye kumvua. Swali letu la pili Gogol kalijibu kwa boksi moja tu, na kicheko hakikupungua. Kwa hiyo wenzangu wasiniambie kwamba ukiuliza maswali igizo linakosa utamu.

George Orwell naye, katika kitabu cha mwaka 1945 ambacho Fortunatus Kawegere alitupatia mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, ana kofia mbili. Wengi hukumbuka moja tu, ile nyeusi ngumu ya Bwana Jones, ambayo nguruwe Napoleon anaonekana ameivaa siku moja akikimbia uani. Wanafunzi huiandika kwenye mitihani: mtawala mpya kavaa kofia ya mtawala wa zamani. Sawa. Lakini kuna nyingine mwanzoni mwa hadithi. Wanyama wanapochoma alama za utumwa, farasi Boxer anakwenda kuleta kofia yake ndogo ya majani, aliyokuwa akiivaa kiangazi kuzuia nzi masikioni, naye anaitupa motoni. Hiyo haikuwa kofia ya cheo. Ilikuwa kofia ya kazi. Mfanyakazi kachoma kinga yake kwa moyo mweupe, na ile ya bwana ikasalia mahali fulani ndani ya nyumba, ikingoja kichwa. Kila mara ninapoifikiria kofia ya Boxer naumia kuliko ninapoifikiria ya Napoleon.

Cha tatu ni taji. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mnaikumbuka habari ya Antoni kumpa Kaizari taji mbele ya umati mara tatu, na Kaizari kulisukuma mara tatu huku watu wakishangilia. Mwaka huo huo wa 1963 vyeo vya machifu vikafutwa Tanganyika, na aliyeongoza nchi alikuwa mtoto wa chifu, Burito wa Wazanaki. Kofia aliyoipenda Mwalimu mwenyewe ilikuwa ile ya kudariziwa ambayo mtu yeyote aweza kuinunua sokoni akaenda nayo msikitini au harusini, ingawa yeye alikuwa Mkatoliki. Kwa upande wa vazi, hakuna kiongozi wa kizazi chake aliyejishusha zaidi. Jirani yake Mobutu alijichagulia chui mwenyewe akamweka kichwani, na ukiuliza nani kamvika, jibu ni yeye mwenyewe.

Lakini mhakiki asiishie kwenye sifa. Kaizari alipolisukuma taji hakuyasukuma majeshi. Alibaki na kila kitu isipokuwa ile duara ya kichwani. Na sisi wa Dodoma tunajua kwamba amri kubwa kuliko zote ambazo wazazi wetu walizipokea ilikuja bila kofia. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilihamisha watu kutoka kwenye matembe yao kwenda vijijini, na walioisimamia walikuwa watu wa kawaida, wamevaa mashati, wakiita kila mtu ndugu. Sipimi hapa faida na hasara zake. Wazee wa hapa wana maoni zaidi ya moja. Ninachosema ni kwamba kichwa kitupu si ushahidi wa unyenyekevu. Tumeandika mashairi mengi ya kumcheka mwenye kofia, na machache mno ya kumwuliza asiye nayo.

Kenya walikuwa na kisa chao. Kofia ya ushanga ya Wajaluo, ogut tigo, ilionekana kichwani mwa Jomo Kenyatta na kichwani mwa Oginga Odinga siku za uhuru. Mkikuyu na Mjaluo, kofia moja: ungetaka alama gani bora ya umoja? Mwaka 1966 Odinga akajiuzulu umakamu wa rais, na mwaka 1969 chama chake kikapigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini. Picha bado zipo, wazee wawili na ushanga wao unaolingana. Ushanga ulikuwa wa kweli, na uliotolewa kwa mapenzi. Haukuwa na nguvu ya kumzuia mtu kumfunga aliyevaa kofia kama yake.

Tuje kwetu leo. Zuzu imo ndani ya Jiji la Dodoma, na Dodoma imekuwa jiji tangu tarehe 26 Aprili 2018. Tunaye meya, na siku ya shughuli meya huvaa joho na mkufu, mtindo uliotoka kwenye miji ya Uingereza. Lakini mamlaka ninayokutana nayo mimi haina vazi. Mwenyekiti wa mtaa anakuja na fulana, mfukoni ana mhuri. Unataka barua ya utambulisho, unataka kumdhamini nduguyo, unataka kuuza kiwanja? Mhuri ule ndio tarbushi ya siku hizi. Sijaona mwandishi kijana aliyeutungia hadithi.

Kofia za sherehe zimehamia kwa wageni. Kiongozi akija kuweka jiwe la msingi huvishwa kofia ngumu kama ya mhandisi. Hapa Zuzu tuna kituo kikubwa cha kupoza umeme, kwa hiyo kofia ngumu tunazifahamu. Ya fundi ina mikwaruzo, na mkanda wake wa ndani umeloa jasho. Ya mgeni inang'aa na bado inanuka duka. Zote mbili zinasemwa ni za usalama.

Halafu zinakuja kampeni. Hapo wazee wetu hutoa mgolole, mkuki, ngao, na kofia ya ngozi au ya ushanga, wakamvika mgombea mbele ya watu, naye husimama wima mpaka wapiga picha waridhike. Kisha magari yake hufunguliwa milango na sisi tunagawiwa kofia za kitambaa zenye jina lake na rangi ya chama chake. Ndivyo tulivyozoea tangu vyama vingi viliposhindana mwaka 1995. Ile sheria ya takrima iliyoingizwa mwaka 2000 Mahakama Kuu iliitupa mwaka 2006, lakini mkono mtupu haulambwi, na kofia bado zinagawiwa. Hesabu ya biashara hii naomba muitazame vizuri: tunampa kofia moja ya wazee, anatupa kofia mia za jina lake. Kiangazi kimoja kinatosha kulifuta jina. Ile yetu anaondoka nayo.

Niliwahi kusimama karibu na gari la mgombea mmoja, sitamtaja wala chama chake. Alikuwa amevikwa kofia na mzee mmoja wa hapa, na mzee alisema maneno mazuri kuhusu kisima. Mgombea alipoingia garini aliivua kabla mlango haujafungwa, akampa mpambe wake, mpambe akaitupa kiti cha nyuma kwenye chupa za maji. Mzee alikuwa bado amesimama, mkono juu, akimpungia. Hakika nilimwonea mzee huruma. Lakini baadaye nilijiuliza: yule mzee alimvika yule bwana kwa kazi gani aliyokwisha kuwafanyia watu wa Zuzu? Hakuna. Alimvika kwa kazi aliyotumaini kwamba ataifanya. Huo ni ukoka, hata kama umeshonwa kwa ngozi na ushanga. Na zile kofia za kitambaa alizotupa yeye? Ukoka pia. Siku ile tulivikana sisi kwa sisi, na kila upande ukaona umemweza mwenzake.

Wala si vijijini tu. Tarehe 8 Septemba 2021, kule Kisesa mkoani Mwanza, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Miaka 58 baada ya dola kuwafutia vyeo, machifu wanampa cheo mkuu wa dola. Sisemi ni vibaya. Watu walifurahi, na utamaduni una haki ya kufurahiwa. Nasema ni onyesho ambalo mtunzi wa tamthilia angepaswa kulikimbilia. Nani anamvika nani pale? Aliyefutwa anamvika mwenye kalamu ya kufuta, na wote wawili wanaondoka wakiwa wamerefuka kidogo. Katika kundi letu sijaona hata shairi moja juu ya siku ile. Tumeshughulika na mapenzi.

Nawaomba wenzangu wanaoandika: siku mkimweka mtu kofia kichwani, kwenye hadithi au kwenye jukwaa, msiiache hapo kama kiungo cha kuchekesha. Tuonyesheni mkono ulioiweka. Tuonyesheni nani analala njaa ili kofia ile isimame vizuri. Na kama mtawala wenu hana kofia, tafuteni ilipo, kwa kuwa haikosi: iko mfukoni, iko kwenye faili, iko kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Haya yote niliwaambia vijana wa igizo kwa mdomo kabla sijayaandika. Nikawashauri waanze bomani, tumwone jumbe akivikwa. Nikawashauri wamalizie kwa mtu anayeivua ile kofia, yeyote yule. Mwongozaji wao ni binti wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Sawa, kaka. Na kofia tuseme ni ya nani?"

Nilinyamaza. Mtu mzima nimezunguka Urusi na Roma kwa vitabu, nikahakiki taji la Kaizari na boksi la Gogol, na muda wote huo nimeliruka sanduku la bati lililomo nyumbani kwetu. Basi naliandika hapa ili lisomwe. Kofia ile ni ya babu yangu. Watu wa Zuzu hawakumvika. Alivikwa bomani, na ni bomani tu ambako angeweza kuvuliwa. Ile fahari niliyoiona nikiitoa sandukuni ilikuwa kilemba cha ukoka nilichojifunga mwenyewe, na sikuwa na habari mpaka mbuzi walipotajwa.

Jioni moja nikaenda kwa bibi yule. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikamwambia.

"Najua, mjukuu wangu," alisema. "Ndiyo maana nilitaja kofia, sikutaja jina."

Kumbe siku ile, mbele ya umati uliokuwa ukicheka, aliyenistahi alikuwa yeye. Nikamwomba radhi kwa niaba ya babu. Nikamwomba pia aje kwenye onyesho lijalo ayaseme maneno yake kama sehemu ya igizo, maana hakuna mchezaji awezaye kuyasema kama yeye. Akafikiri kidogo, akakubali. Nilipoinuka kuaga akaniita tena.

"Na mbuzi je?"

Niliwapelekea vijana swali hilo kama lilivyo. Wameliweka mwishoni, baada ya kofia kuvuliwa, na hakuna anayelijibu. Mbuzi wenyewe tunalizungumza nyumbani. Baba anasema mambo ya zamani yaachwe. Mama anasema wawili si wengi.